Mchezo wa Bwana Mafunguo

Maji yaliingia katika nyumba ya marehemu Hamed, mtaa wa Malindi, asubuhi ya Jumanne moja, mwanzoni mwa Novemba, mwaka tisini na saba. Mvua ilikuwa hainyamazi tangu mwezi uliotangulia. Redio iliiita El Nino. Wazee walisema hawajapata kuona vuli ya namna ile. Siku hiyo mtaro wa uchochoroni ulishindwa kumeza, maji machafu yakapanda kizingiti, yakaingia bila hodi mpaka vyumba vya ndani.

Nyumba ilikuwa na watu wanne. Chini alikaa Salem, mwana wa Hamed na fundi saa, na mkewe Mashavu na binti yao Rasha. Juu alikaa Basma, dada yake Salem kwa baba na mama, peke yake na mashine yake ya taipu. Basma alikuwa na miaka thelathini na tisa na hakuwahi kuolewa. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa. Watu walimletea barua za kuombea kazi na mikataba ya nyumba, lakini zaidi alipiga michezo ya redio, ambayo Bi Mwatima, msimamizi wa michezo hiyo, alimletea katika madaftari yaliyoandikwa kwa mkono usiosomeka. Miaka kumi alipiga chapa maneno ya watu wengine. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama na yeye ana yake.

Asubuhi ile Salem alikuwa amekimbilia dukani kwake, karibu na bandari, kuokoa saa za watu. Wanawake watatu walibaki kupandisha vitu juu: magodoro, gunia la mchele, masufuria, jiko. Mwisho wakafika stoo, ambamo Salem aliweka saa kuukuu za ukutani alizokuwa akizitoa vipuri. Basma alinyanyua sanduku la mbao, na kwa kuwa lilikwisha kulowa, kitako kikaachia. Springi na vigurudumu vikamwagika majini, na pamoja navyo kifurushi cha barua kilichofungwa kwa uzi.

Alikiokota kabla hakijazama. Barua zilikuwa kumi na moja. Zote zina stempu za Oman, zote zimeandikwa jina lake, na hata moja haikuwa imefunguliwa.

Mashavu alimwuliza ameokota nini. Basma alijibu kuwa ni karatasi tu, akazitia kifuani, akaendelea kubeba masufuria.

Aliujua mwandiko ule. Mwaka themanini na tano kulikuwa na mwalimu wa hesabu, jina lake Sami, aliyekuwa akimtaka Basma, na Basma akimtaka yeye. Sami alipata kazi Muscat. Siku ya kuondoka alisema akifika tu ataandika, ampe anuani yake, na Basma akimjibu atatuma watu waje kuposa. Ndugu wa Sami wote walikuwa wameshahamia huko. Hapakubaki mtu wa kumwuliza habari zake. Barua za nyumba nzima zilipitia sanduku moja la posta, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa Salem, kwa kuwa baba alikwisha kufa na yeye ndiye mkubwa. Kila Basma alipouliza kama kuna barua, Salem alikohoa kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake kabla ya kusema neno lolote, kisha akasema, "Kila kitu kwa wakati wake."

Ukapita mwaka, wa pili, wa tatu. Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja. Basma alimlisha, akamkosha, akamgeuza kitandani miaka tisa, mpaka alipofariki mwaka tisini na nne. Waliokuja kumposa katikati hapo aliwakataa. Wa kwanza aliwakataa kwa sababu alikuwa anangoja, na wa mwisho kwa sababu hakuamini tena kauli ya mwanamume.

Mchana ule alifunga mlango wa chumba chake kwa komeo, akazitandaza barua juu ya kitanda. Sami alitumia kalamu ya wino, na wino ulikuwa umeyeyuka. Karatasi nyingine zilibaki za buluu tupu. Alipata vipande tu. Katika barua moja alisoma: nimepata chumba, kina dirisha moja lakini. Katika nyingine: siku ya Ijumaa nilikwenda baharini nikakumbuka. Katika ya saba, kwenye mkunjo ambao maji hayakufika, mistari mitatu ilikuwa mizima: "Kama kinachokuzuia ni mama, njoo naye. Nimeuliza. Hapa kuna hospitali ya kuwanyoosha watu waliopooza, na mimi nitambeba mwenyewe mpaka kwenye gari." Ya mwisho ilikuwa ya mwaka themanini na nane, na kilichosalia ndani yake kilikuwa nusu ya sentensi: sitakulaumu, nitajua kwamba.

Basma hakulia. Alikaa juu ya kiti akizitazama zikikauka, na kitu kilichomjia kilikuwa kigumu, kimetulia, kama jiwe lililopata mahali pake. Wazo la kwanza lilikuwa kushuka, amngoje Salem mlangoni, amtupie barua usoni. Akalipima, akaliacha. Alimjua kaka yake. Salem angeomba radhi chumbani, faraghani, kama alivyoficha faraghani, na kesho yake angekwenda msikitini watu wampishe safu ya mbele. Mtu aliyemlia mwenzake miaka kumi na miwili hawezi kulipa kwa neno moja nyuma ya mlango. Basma alitaka mji mzima ujue. Alitaka wajue wenyewe, kidogo kidogo, bila yeye kumtaja mtu jina.

Jioni ile ile, wakati Mashavu anapika kwenye veranda, Basma alitia karatasi kwenye mashine akaandika mstari wa kwanza: Bwana Mafunguo anaingia, anaweka funguo mezani.

Kwa kuwa chini kulikuwa hakukaliki, wale watatu wa chini walihamia juu kwa Basma. Walikuwa na nia ya kwenda Mpendae, ambako Mashavu alikuwa na ndugu, lakini habari zikaja kuwa Mpendae ndiko kubaya zaidi, maji yamefika madirishani na watu wamelazwa skuli. Basi wakabanana. Basma na Rasha walilala chumba kimoja, Salem na mkewe kingine, na ukumbi ukawa wa kila kitu. Paa lilivuja mahali pengi. Walitandika turubai, wakapanga ndoo, na kila baada ya muda mtu aliinuka kuzimwaga.

Katika ukumbi ule, mbele ya macho ya Salem, Basma aliandika. Hakuwa na karatasi mpya. Aliandika nyuma ya zile alizozikosea. Mwanzo maneno yalimjia magumu, kwa kuwa alizoea kuyafuata ya wengine. Siku ya tatu aligundua kwamba alikuwa akisikia watu wakizungumza, na kazi yake ni kuwahi tu. Mikono ilimwuma. Alifurahi namna ambayo hakuwa ameijua tangu usichana, na furaha ile na chuki ile vilikuwa kitu kimoja. Hakuweza kuvitenganisha wala hakutaka.

Siku moja baada ya Adhuhuri mvua ilikuja na upepo, turubai likapasuka juu ya meza yake. Salem, aliyekuwa akisafisha saa kwa petroli pembeni, aliinuka.

"Unaandika nini siku zote hizi?" aliuliza.

"Mchezo wa redio."

"Wa nani?"

"Wangu."

Salem alifurahi kweli. Alisema marehemu baba angefurahi pia. Akafungua mwavuli wake, akausimamisha juu ya mashine, akamwambia aendelee tu, yeye atashika. Akashika karibu saa nzima. Wakati huo Basma alikuwa akiandika pale Bwana Mafunguo anapoipokea barua ya kwanza ya dada yake na kuitia sandukuni. Alifika mahali akakwama. Akamwuliza bila ya kuinua uso:

"Kaka, mtu akificha amana ya mwenzake, hujiambia nini moyoni?"

Salem alikohoa. Aliusogeza mwavuli kidogo, maji yasiiguse karatasi.

"Hujiambia ataitoa kesho," alisema.

Basma akaandika vile vile, neno kwa neno.

Bi Mwatima alikuja wiki iliyofuata, amekunja buibui mpaka magotini, akitafuta kama Basma ana mchezo wowote wa zamani uliobaki. Waandishi wake walikuwa wamekwama. Mmoja alikuwa Mpendae akiokoa watoto wake, mwengine daftari lake limechukuliwa na maji. Basma alimpa sehemu tatu za mwanzo. Bi Mwatima alizisoma amesimama, maji yakimchuruzika. Alipomaliza aliuliza kama mtu huyu yupo. Basma alijibu kwamba yupo katika kila mtaa. Bi Mwatima alimtazama, akazitia karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akasema Ijumaa hii hii wataanza kurikodi.

Mchezo ulikuwa na sehemu sita, kila Ijumaa alasiri. Umeme ulikuwa ukikatika, lakini redio za betri zilikuwepo, na kwa ile mvua watu hawakuwa na pa kwenda. Mji mzima ulikuwa ndani ukisikiliza.

Basma aliupanga kama mtu anayepanga mtego. Katika sehemu ya kwanza Bwana Mafunguo alikuwa mtu tu, mkubwa wa nyumba, anayeheshimika. Salem alisikiliza pamoja nao, akanywa chai, na dada wa mchezoni alipouliza barua akaambiwa hakuna, Salem alitikisa kichwa akasema mtu yule hana Mungu. Mashavu akainama kukusanya vikombe. Sehemu ya pili, mwigizaji akaanza kukohoa kidogo kabla ya kila neno, kama alivyoelekezwa. Rasha alicheka, akamtazama baba yake, akaacha kucheka. Sehemu ya tatu, dada aliuliza barua zake mara ya mwisho, na Bwana Mafunguo akakohoa, akasema, "Kila kitu kwa wakati wake."

Salem aliweka kikombe chini. Hakumtazama Basma. Aliinuka akachukua ndoo iliyokuwa nusu tu, akaenda kuimwaga, na hakurudi ukumbini mpaka mchezo ulipokwisha.

Watu hawakukawia. Malindi ni mtaa wa watu kujuana. Kikohozi kile walikijua miaka ishirini, na habari ya Sami wapo wanawake waliokuwa wakiikumbuka. Jumatatu iliyofuata mteja alifika dukani, akauliza kama Bwana Mafunguo yupo, kisha akajidai amekosea. Jumanne wakawa watatu. Msikitini hakuna aliyemtolea neno baya, ila walipokuwa wakijipanga, aliyesimama karibu naye alikohoa, na mwengine nyuma akashindwa kuzuia kicheko. Salem akawa anasali nyumbani, akisema njia imejaa maji. Basma aliyasikia yote haya kutoka kwa wanawake waliokuja kumpongeza. Aliwapikia kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho, akawauliza na mengine. Ilikuwa tamu. Hakujidanganya kuwa si tamu.

Baada ya sehemu ya nne, barua zote zilipohesabiwa mbele ya wasikilizaji moja moja, walikuja wanawake wawili kutoka Kikwajuni. Walikuwa wa upande wa kijana aliyemposa Rasha. Walikaa kwa adabu, wakala visheti, wakasema kwa maneno ya kuzunguka kwamba hali ya mvua hii haifai harusi, na kwamba ni bora jambo lile lilale kwanza. Mashavu alielewa. Rasha alikuwa chumbani akisikia.

Usiku ulikuwa haujaingia bado alipomjia shangazi yake. Basma ndiye aliyemfundisha kusoma, ndiye aliyemsuka nywele tangu mdogo. Rasha alikaa ukingoni mwa kitanda, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shangazi, mimi nilikukosea nini?"

Basma aliusukuma mlango ufungike. Alisema mume anayekimbia kwa ajili ya mchezo wa redio si mume. Rasha alimwambia hilo si alilouliza. Akachukua mto wake, akaenda kulala kwa mama yake.

Basma alikaa mbele ya mashine. Sehemu ya tano alikwisha kuipeleka redioni. Ya sita ilikuwa haijaandikwa. Ndipo Salem alipokuja, siku ya pili yake, Mashavu na Rasha wakiwa verandani wakianika nguo zisizokauka. Alivuta kiti.

"Barua umezipata," alisema.

"Nshazipata."

"Tangu lini?"

"Siku ya maji."

Salem alifikiri. "Na mimi nilikushikia mwavuli."

"Ulinishikia."

Alifuta miwani yake, akaivaa, akaivua tena. Basma alimwuliza kama alizisoma. Salem aliapa kwamba hakuifungua hata moja. Akamwuliza kwa nini basi hakuzichoma.

"Barua ya mtu ni amana, Basma. Sikuweza kuichoma. Mama alikuwa hana mwengine wa kumgeuza. Nilisema, akishazikwa nitakupa. Alipozikwa nikaona haya. Kila mwaka haya ikazidi."

Basma aliinuka, akaileta barua ya saba, akamwekea mapajani. Salem alisoma ile mistari mitatu. Akarudia. Alipofika kwenye hospitali, kidole chake kikasimama.

"Ungeifungua ungejua," Basma alisema. "Mama angekwenda. Huenda angetembea."

Alikuwa ameiweka akiba barua ile kwa siku kama hii. Alimtazama kaka yake akiinama, mabega yake yakitikisika, na hakusogea. Baada ya muda Salem alimwomba jambo moja, kwamba sehemu ya mwisho aiache, au ailainishe, si kwa ajili yake yeye bali kwa ajili ya Rasha. Basma alikunja barua, akairudisha pamoja na zile nyingine.

"Kila kitu kwa wakati wake," alisema.

Aliiandika sehemu ya sita kwa siku mbili. Bi Mwatima alitarajia kifo au msamaha, kwa kuwa michezo yote huishia kwenye kimoja katika viwili hivyo. Basma hakumwua Bwana Mafunguo wala hakumsamehe. Alimwacha hai, mzee, anayekwenda posta kila asubuhi kufungua sanduku na kulikuta tupu, kwa sababu duniani hapakubaki mtu wa kumwandikia. Ilirushwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa Disemba. Watu walisema hawajapata kusikia mchezo wa namna ile, na wapo waliolia. Salem alikuwa amelala kifudifudi chumbani, mlango wazi. Aliusikia wote.

Siku chache baadaye Shaaban ikaisha. Mwezi ulikuwa unangojwa, ingawa kwa mawingu yale hakuna aliyetegemea kuuona kwa macho. Kama desturi, watu walipita nyumba kwa nyumba, katika tope, kutakana radhi kabla ya kufunga. Majirani walikuja, wakasamehewa, wakasamehe. Salem aliwaacha wote waondoke. Kisha akamwendea mdogo wake aliyekuwa akichambua mchele, akakaa chini sakafuni mbele yake, mtu wa miaka arubaini na sita, mbele ya mkewe na mtoto wake.

"Nimekudhulumu," alisema. "Nataka radhi yako."

Basma alijua kinachotakiwa kusemwa. Mashavu alikuwa akimtazama. Rasha alikuwa akimtazama. Alichambua punje mbili tatu, akatupa chuya.

"Mungu akusamehe, kaka," alisema. "Mimi bado."

Salem aliitikia kwa kichwa, akainuka kwa kushika ukuta. Alifunga Ramadhani ile akila futari yake peke yake kwenye ngazi.

Mvua ilipungua baada ya Idi. Maji yalitoka Mpendae, na Salem akaamua kuhamia huko na familia yake, afungue duka mahali ambapo hakijulikani kikohozi chake. Kijana wa Kikwajuni alikuja mwenyewe, bila mama yake, akasema yeye hakuvunja chochote. Harusi ikapangwa Mpendae, ndogo. Basma aliisikia kwa majirani.

Siku ya kuhama, gari likiwa linapakiwa barabarani, Mashavu alipanda juu kurudisha sufuria. Aliiweka jikoni, lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni, ameshika ncha ya kanga yake.

"Wifi, kuna jambo sikulisema," alianza. "Mwaka ule wa themanini na tano Salem alitaka kukupa barua ya kwanza. Alikuja nayo mkononi. Mimi nikamwambia, siku Basma akiolewa akaondoka, na mimi naondoka siku hiyo hiyo. Nilikuwa na mtoto mdogo. Nilikuwa siwezi kumwosha mama yenu. Nilikuwa naona kinyaa. Yeye aliificha, lakini mimi ndiye niliyemfanya aifiche."

Basma aligeuka kumtazama. Chini dereva alikuwa akipiga honi.

"Ungeniambia mapema," alisema mwishowe, "ningekuandika na wewe."

"Najua," alisema Mashavu. "Ndiyo maana sikukwambia."

Akashuka ngazi taratibu, akishika ukuta uliobambuka chokaa. Basma alikwenda dirishani. Alimwona Salem amekaa nyuma ya gari juu ya magodoro, amekumbatia saa ya ukutani, na Mashavu akipanda mbele karibu na dereva bila ya kuangalia juu. Gari liliondoka likirusha tope pande zote mbili. Basma alisimama pale mpaka lilipopinda kona. Kisha alifunga dirisha, akaenda kuitazama ile sufuria, na kwa muda mrefu hakujua amchukie nani.